Maji ya Kiangazi: Msitu wa Elgon na Riziki ya Kitale na Bungoma

Mtu asimamaye mwezi wa Januari karibu na maporomoko ya Nabuyole, pale mto Nzoia unapojitupa juu ya majabali katika nchi ya Webuye, huona jambo ambalo mazoea yamelificha machoni pa wengi. Jua ni kali. Mahindi ya Trans Nzoia yamekwisha vunwa na mabua yamebaki makavu mashambani. Vumbi la njia za vijijini limefunika majani ya michongoma. Na kwa majuma kadhaa hayajaanguka hata manyunyu. Walakini mto unakwenda. Umepungua, naam, na mawe yaliyozama wakati wa mvua sasa yameonyesha migongo, lakini unakwenda usiku na mchana, ukiwanywesha watu na ng'ombe. Basi ni haki yetu kuuliza: maji haya, ambayo hayakuteremka jana wala juzi kutoka mawinguni, yalikuwa yamewekwa wapi?

Jawabu fupi ni kwamba yalikuwa yamewekwa msituni. Nzoia hupata maji yake katika nyanda mbili za juu zenye misitu, vilima vya Cherangani upande wa mashariki wa Kitale na mlima Elgon upande wa magharibi, kisha hupita Trans Nzoia na Bungoma, na baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 250 huingia Ziwa Victoria katika nchi ya Budalang'i. Cherangani na Elgon huhesabiwa miongoni mwa minara mikuu mitano ya maji ya Kenya, pamoja na Mau, Aberdare na Mlima Kenya. Lakini jawabu fupi halitoshi. Wako watu wengi walioambiwa tangu utotoni kwamba msitu huleta mvua na kutunza maji, wasielezwe hata mara moja namna kazi hiyo inavyofanyika. Na mtu aliyepewa amri pasipo sababu huitii siku mbili, na siku ya tatu akashika shoka. Kwa hiyo nia ya makala haya ni kuieleza kazi yenyewe, hatua kwa hatua, tangu mawinguni hadi mtoni.

Kwanza na tuijue nasaba ya misitu yetu. Wataalamu wa elimu ya mimea hutufundisha kwamba katika dahari zilizopita, wakati Afrika ilipokuwa na unyevu zaidi kuliko leo, msitu mkuu wa mvua wa Kongo ulienea mashariki, ukapita Uganda, ukaingia katika nchi hii ya magharibi ya Kenya. Hali ya hewa ilipokauka msitu ule ulirudi nyuma, ukaacha mabaki hapa na pale, kama bahari inavyoacha vidimbwi mwambani wakati wa maji kupwa. Kidimbwi kikubwa kuliko vyote upande wetu ni msitu wa Kakamega, jirani wa Bungoma kwa upande wa kusini, wenye eneo la kiasi cha kilomita za mraba 240, uliotangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1933. Uko baina ya mita 1,500 na 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hunyeshewa karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Humo wamo ndege, nyoka na vipepeo ambao jamaa zao wako Kongo na Afrika Magharibi, na baadhi yao hawaonekani mahali pengine popote katika Kenya. Msitu wa Elgon nao ni wa namna nyingine: ni msitu wa mvua wa milimani, ulio katika baridi zaidi. Na hata mjini Kitale, katika makumbusho ambayo asili yake ni mkusanyo ulioanzishwa na Hugh Stoneham mwaka 1926, kumebaki kipande cha msitu wa asili chenye njia ya miguu, ambamo mwanafunzi aweza kuona kwa macho yake namna nchi ile ilivyokuwa kabla ya plau kufika.

Sasa tuitazame mvua. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na digrii 1 tu kaskazini ya Ikweta. Bungoma iko chini yake, kiasi cha mita 1,400. Katika nchi za Ikweta jua hupita karibu na utosi wa mtu mwaka mzima, na kwa sababu hiyo tofauti ya joto baina ya mchana na usiku huwa kubwa kuliko tofauti baina ya mwezi na mwezi. Kinachogawa mwaka si joto wala baridi bali ni mvua. Jua hilo huipasha ardhi moto, hewa ikapanda, na upepo ukaja kuijaza nafasi yake, nao hauji mikono mitupu. Upande wa kusini lipo Ziwa Victoria, lenye eneo la karibu kilomita za mraba 68,000, ambalo hutoa mvuke kila siku. Na upande wa magharibi iko Kongo, ambako misitu hupokea mvua, ikainywa kwa mizizi, ikaitoa tena kwa majani ikiwa mvuke, na maji yale yale yakanyesha mara ya pili na ya tatu kadiri upepo unavyoyachukua kuja mashariki. Watu wa pwani huhesabu mwaka wao kwa kaskazi na kusi. Huku kwetu upepo wenye unyevu wa magharibi nao huingia katika hesabu. Ndiyo sababu mwezi wa Julai na Agosti, wakati nchi za Machakos na Kitui zimekauka, mahindi ya Kitale yangali yakinyeshewa na kutoa mbelewele.

Upepo huo ufikapo Elgon hukuta ukuta. Mlima huu, ambao Wabukusu na ndugu zao Wagisu wa Uganda huuita Masaba, ni volkano iliyozimika zamani, na kilele chake cha juu kabisa, Wagagai, kilichoko upande wa Uganda, kina mita 4,321. Hewa isiyoweza kupita katikati ya mlima hulazimika kuupanda, na kila ipandapo mita 1,000 hupoteza kiasi cha digrii 6 za sentigredi; nayo hewa ikipoa haiwezi tena kuuchukua mvuke wote iliokuja nao, ikautua. Kwa hiyo aishiye Kimilili au Kapsokwony haoni ajabu siku yenye sura tatu: asubuhi anga safi, adhuhuri mawingu meupe yakikua juu ya mlima, na alasiri ngurumo na mvua, mara nyingine mvua ya mawe inayochanachana majani ya migomba.

Ama mvua hiyo inapofika msituni, mambo huwa mbali na yale yanayotokea katika shamba tupu. Msitu wa mvua umejengwa kwa tabaka, kama nyumba ya ghorofa. Juu kabisa imesimama miti mirefu michache iliyowapita wenzake, nayo hupokea jua na dhoruba bila kivuli cha yeyote. Chini yake vilele vya miti mingine vimegusana na kufanya dari moja la majani. Chini ya dari hilo imo miti midogo, mizabibu ya porini na miche iliyongojea miaka mingi mti mkubwa uanguke ili ipate jua. Na chini kabisa ni sakafu, ambayo katika kila sehemu 100 za mwanga hupata moja au mbili tu. Tone la mvua lililoanguka kwa nguvu kutoka angani hupigwa na jani la kwanza, likavunjika. Vipande vyake vikashuka kwenye jani la pili na la tatu, vingine vikateleza shinani polepole. Na hata yafikapo chini, maji yamekwisha nyang'anywa ile hasira yaliyokuja nayo. Sehemu yake hubaki juu ya majani, ikarudi angani kuwa mvuke. Iliyobaki huipata sakafu laini iliyotandikwa majani makavu, ikazama.

Na sakafu hiyo ndiyo moyo wa hadithi yetu. Huko chini mchwa, minyoo, kuvu na vijidudu visivyoonekana kwa macho hufanya kazi bila kupumzika: jani lililoanguka leo, katika joto na unyevu ule, baada ya miezi michache halionekani tena kuwa jani, limekuwa mboji, na virutubisho vyake vimekwisha kuvutwa na mizizi iliyotandaa karibu na uso wa ardhi ikingojea. Hapa pana siri iliyowadanganya wengi. Mtu auonapo msitu mnene hudhani kwamba ardhi yake haina budi kuwa na rutuba isiyokwisha. Kumbe mara nyingi utajiri wa msitu wa mvua haumo udongoni bali umo katika miili ya miti yenyewe, ukizunguka kutoka jani kwenda mboji, na kutoka mboji kwenda mzizi. Miti ikikatwa na kuchomwa, mzunguko hukatika: mavuno ya kwanza huwa mazuri kwa majivu, kisha hupungua mwaka kwa mwaka. Udongo wa Elgon, kwa kuwa umetokana na volkano, ni mkarimu kuliko ule wa Kongo. Lakini umelala juu ya mteremko, na udongo wa mteremko usioshikwa na mizizi huchukuliwa na maji. Mboji hiyo pamoja na vijitundu vilivyochimbwa na mchwa na mizizi iliyokufa, hufanya ardhi ya msitu kuwa kama sifongo. Maji huingia, hushuka taratibu baina ya udongo na mawe, na hutoka tena chini ya kilima katika chemchemi, siku nyingi baada ya mvua kuanuka, hata majuma na miezi. Maji ya Januari katika Nzoia ni mvua ya Agosti na Septemba ambayo msitu uliikopa, nao unailipa kidogo kidogo.

Wala miti haifanyi kazi hii peke yake. Mkuyu hauwezi kuzaa bila nyigu mdogo sana aingiaye ndani ya tunda lake changa kutaga mayai, akilipa kwa chavua alichokuja nacho. Na tini zikiiva huwalisha kima, mbega, popo, hondohondo, na yule ndege mkubwa wa buluu mwenye kishungi, wa jamaa ya kulukulu, ambaye wageni huenda Kakamega kwa ajili yake. Hao nao hutawanya mbegu mbali na mama yake, ambako zitapata mwanga na nafasi. Msitu uliotolewa wanyama na ndege wake waweza kusimama miaka hamsini ukionekana mzima, kumbe hauna tena wa kuupandia watoto.

Apandaye Elgon kutoka upande wa Kitale hupita katika nchi kadhaa kwa safari moja. Chini ni miti mikubwa: podo, mierezi, na ule mti wa jamaa ya mzaituni ambao wafanyabiashara wa mbao waliupa jina la mlima wenyewe. Juu yake huja ukanda wa mianzi, na machipukizi yake, yakikaushwa kwa moshi, ndiyo malewa, kitoweo cha heshima kwa Wagisu wa Mbale. Zaidi ya mita 3,000 mianzi huisha, na juu yake ni nchi ya mbuga baridi, lobelia na miti ya ajabu ya jamii ya senesio, ambako mchana jua huunguza ngozi na usiku umande huganda kuwa barafu; majani ya mimea hiyo hujifunga usiku kama mkono uliokunja ngumi, ili kulinda chipukizi lililo katikati. Upande wa Chepkitale ni makao ya Waogiek, watu wa asali na mifugo, ambao wameujua mlima huu kabla ya mipaka ya hifadhi kuchorwa, na elimu yao juu ya miti na nyuki ni hazina isiyofaa kudharauliwa.

Na lipo jambo moja la Elgon ambalo limeufanya mlima huu ujulikane ulimwenguni. Katika pango la Kitum, ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1968, ndovu wamekuwa wakiingia usiku katika giza totoro, wakipapasa njia kwa mikonga, hata kiasi cha mita 200 ndani ya mlima, ili kuchimba ukuta kwa pembe zao na kula mawe yenye chumvi. Watu husimulia habari hiyo kwa kustaajabu tu, lakini sababu yake imo katika somo letu. Mvua ile ile inayolisha msitu huosha chumvi kutoka udongoni na kuichukua mtoni, hata majani ya mlimani yakawa pungufu ya chumvi. Na mnyama mkubwa alaye majani hana budi kuitafuta penginepo. Pango limepanuliwa kwa pembe, lakini aliyewatuma wachimbaji ni mvua.

Kutoka juu huko maji hugawanyika kama urithi baina ya ndugu. Kuywa, Kibisi na Malakisi hushuka Bungoma. Manafwa hushuka Uganda na maji yake kuishia Ziwa Kyoga. Na Suam, utokao ndani ya kreta yenyewe, hugeukia kaskazini, ukaitwa Turkwel, ukageuza mitambo ya umeme katika bwawa la Turkwel, na mwisho ukafa katika Ziwa Turkana, katikati ya jangwa. Hivyo mchungaji wa Turkana ambaye hajapata kuuona mwanzi hunywesha mbuzi wake maji ya mianzi ya Elgon. Karibu na Kitale uko pia msaidizi mwingine wa msitu, nao ni kinamasi cha Saiwa, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yule paa wa majini mwenye kwato ndefu zilizopanuka asizame matopeni. Hifadhi hii ya kiasi cha kilomita 3 za mraba ni ndogo kuliko zote za Kenya, lakini mafunjo na matete yake hushika maji na mchanga kabla havijafika mtoni.

Hapa nataka kusema kweli bila kuitia chumvi, maana haki haitetewi kwa uongo. Msitu wa Elgon hauiumbi mvua yote ya Kitale. Kama mlima ungebaki mtupu leo, upepo wa ziwa ungeendelea kuupanda, na mawingu yangeendelea kufanyika. Msitu huongeza unyevu wa hewa kwa mvuke wake, na hilo si dogo. Lakini kazi yake kubwa ni kuipokea mvua. Bila msitu mvua ile ile hugeuka adui: hupiga udongo mtupu, huufunga uso wake, huteremka kwa mbio, na kwa siku mbili imekwisha fika ziwani na udongo wetu mikononi. Watu wa Budalang'i huyajua mafuriko ya Nzoia kwa kuhama nyumba. Na mwezi wa Machi mwaka 2010, katika wilaya ya Bududa, upande wa Uganda wa mlima huu huu, mteremko uliolowa ulianguka juu ya vijiji, ukawafukia mamia ya watu. Mvua nyingi na mteremko mkali vilikuwapo tangu zamani. Lakini wataalamu hutaja ukataji wa miti na kilimo cha miteremkoni miongoni mwa mambo yaliyoupunguza uwezo wa ardhi kujishika.

Tangu walowezi wa Kizungu walipofika kwa wingi Trans Nzoia baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na reli ikafika Kitale mwaka 1926, msitu umepunguzwa kwa ajili ya nafaka, mbao na makaa. Mahali pengine pamepandwa misonobari na mikaratusi, na mbao hizo zilikilisha kiwanda cha karatasi cha Webuye tangu miaka ya 1970. Simlaumu mtu aliyetafuta riziki. Walakini tusichanganye mambo mawili: shamba la miti ya namna moja, iliyopandwa kwa safu na kungojea msumeno, ni mali yenye faida yake, bali si msitu, halina tabaka, halina mkuyu, halina kulukulu, na siku likivunwa sakafu yake hubaki wazi mbele ya mvua. Katiba ya mwaka 2010 imeamuru nchi ijitahidi kuwa na miti katika asilimia 10 ya ardhi yake kwa uchache, na mwaka 2022 serikali ilitangaza nia ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Ni nia njema. Lakini mti uliopandwa jana hauwezi kufanya leo kazi ya podo wa karne mbili, na kuhesabu miche pasipo kuulinda msitu uliosimama ni kujaza mtungi uliotoboka.

Basi, ndugu msomaji wa Kitale na wa Bungoma, wewe ununuaye mbegu ya mahindi kila Machi na wewe uliye na miwa karibu na mto, jua ya kuwa nusu ya mavuno yako haiuzwi dukani. Iache kingo ya mto na miti yake ya asili, usiilime hadi majini. Usichome majani makavu ambayo ardhi yako ingeyageuza mboji. Ukipanda mti, changanya na wa kienyeji, na mkaratusi uuweke mbali na chemchemi. Na utakapokutana na kiongozi aombaye kura yako, muulize kabla ya jambo jingine ni hekari ngapi za msitu wa Elgon na Cherangani zilizosimama alipoingia, na ni ngapi zitakazosimama atakapotoka. Ukiona Nzoia ikitiririka Januari ijayo, hayo ni maji ya mvua ya mwaka uliopita yaliyotunzwa na miti ambayo hakuna mmoja wetu aliyeipanda. Na iwapo wajukuu wetu watayakuta au hawatayakuta, hilo litaamuliwa na sisi tulio hai sasa.